Siku Niliyouliza Kama Bi Harusi Anateleza

Haya, nianze kucheka mimi mwenyewe, maana najua mtanicheka tu. Hapa Maskati hakuna harusi ya watu wetu ninayoingia nikakaa kitako kabla mtu hajanisogelea akaniuliza, "Asya, vipi, leo hujateleza?" na wanawake wote wa pembeni wakaangua kicheko, na mimi nachekelea nao huku mashavu yananiwaka moto. Miaka yote hii nimewaacha wengine wahadithie, na kila anayehadithia anatia chumvi yake (kuna mmoja anaapa kuwa nilivunja kabati la vyombo, wallahi kabati sikuligusa), kwa hiyo leo nakusimulieni mwenyewe, mwenye aibu yangu, ilivyokuwa hasa.

Ndugu yangu Nassor ni kitinda mimba wetu na mimi ndiye mkubwa. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo nilimbeba mimi, nikamlisha mimi, nikampiga makofi mimi, na mpaka leo akiniita "Dada" kwa ile sauti yake ya kuomba huwa nimeshakubali kabla sijajua anataka nini. Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili alikuwa Uswisi, anafanya kazi ya uhandisi, na tulikuwa tumemposea Raya, binti wa Bi Thuraya wa Bustan, msichana mpole mwenye sauti ya chini ambaye alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka Ufaransa, alikosoma kwenye mji ulio chini ya milima. Nassor na Raya walionana mara moja tu, nyumbani kwao, mlango wazi na Bibi Salha, mama yake Bi Thuraya, kakaa kitini na tasbihi yake anajifanya hasikii (na kweli hasikii, masikio yake yalishachoka zamani). Kijana akarudi Uswisi na tabasamu ambalo mimi sikupata kuliona usoni mwake hata siku aliyofaulu.

Sasa mnajua mambo yetu, kabla ya harusi upande wa bwana harusi hupeleka sanduku, nguo na marashi na viatu na udi na dhahabu, na wanawake wa upande wa pili hulifungua hadharani wakapekua kitu kimoja kimoja na kila kitu kikasemewa neno lake. Sanduku la Raya nilikabidhiwa mimi. Nilijiona waziri. Ofisini Al Khuwair, badala ya kufanya kazi ya serikali nilikuwa nakunja vitambaa chini ya meza, na siku moja niko katika hali hiyo simu ikalia, Nassor.

"Dada, kwenye sanduku nataka kutia ski."

"Nini?"

"Ski. Zile mbao mbili za kuvaa miguuni, unateleza nazo kwenye theluji. Raya kaniambia anazipenda kuliko kitu chochote. Lakini asijue mtu, Dada. Nataka ashtuke sanduku likifunguliwa."

Nilizijua, niliziona kwenye televisheni, watu wazima wanajitupa mlimani bila ya kufukuzwa na mtu. Nikamwambia basi nunua, duka si liko huko huko? Akasema si rahisi kama kununua viatu, na hapo akaanza kunisomesha mpaka sikio likawa moto: kwamba kuna ski nyembamba za njia zilizosawazishwa na mashine, na kuna ski pana za kwenda nje ya njia, kwenye theluji ambayo haijakanyagwa, zimebinuka mbele ili zielee zisizame, na hizo ndizo Raya alizozitaja. Na hizo nazo za wanawake ni mbali, nyepesi na laini zaidi, na hata za wanawake hazilingani, maana anayejifunza akipewa ndefu na ngumu zitamtupa, na mzoefu akipewa fupi na laini zitamtetemekea akienda kasi, na anayependa kupita katikati ya miti anataka fupi apate kugeuka, na anayeteremka mlima mtupu anataka ndefu. Mwenye duka, mzee mmoja mkali, kakataa kabisa kumuuzia kitu mpaka ajue kimo cha bi harusi, uzito wake, anajua kiasi gani na huteremka wapi.

"Kwani yeye hakukwambia anajua kiasi gani?"

"Bibi yake alikuwa ananitazama, Dada. Mpigie yule rafiki yake aliyesoma naye, umuulize kwa siri."

Hapo ndipo ningenyanyua simu nikampigia yule msichana na mambo yakaisha, na leo nisingekuwa na cha kukuhadithieni. Lakini mimi na kiherehere changu nikajiambia, aka, mimi nikamuulize mtoto mdogo mambo ya sanduku? Alkhamisi mimi na Mama tunakwenda Bustan kupanga siku ya hina. Nitauliza pale pale, kijanja, katikati ya maneno mengine, kwa Kiswahili changu kizuri, na ili siri isitoke sitoitaja ski wala theluji.

Nikaitoa theluji, jamani. Nikaitoa theluji nikabaki na kuteleza peke yake.

Alkhamisi baada ya alasiri tukafika Bustan. Bi Thuraya alitupokea vizuri mno, na sebuleni walikuwapo dada zake na majirani, wamejaa pande zote, halwa imewekwa katikati, kahawa inamiminwa, na Bibi Salha kakaa kwenye kiti chake cha siku zote. Raya alikuwa juu chumbani, bi harusi hakai na wakwe. Tukaongea hina, tukaongea waimbaji, tukaongea joto, na mimi nikaona sasa wakati umefika.

"Bi Thuraya, Raya kimo chake kiasi gani vile?"

"Akupita wewe kidogo."

"Na uzito?"

Mwanamke aliyekaa karibu yangu akaacha kutafuna. "Uzito wa kazi gani, Asya?"

"Nguo, nguo," nikasema, nikajisifu moyoni kwa werevu wangu, nikameza fundo la kahawa, nikaendelea kama mtu anayepiga soga tu. "Na eti, Raya bado anateleza?"

Bi Thuraya akanitazama. "Bado afanya nini?"

"Anateleza. Nassor kaniambia kule Ufaransa aliteleza sana."

"Nassor kakwambia."

"Ndiyo, na kafurahi huyo! Maana na yeye anateleza, kila wikiendi, hana kazi nyengine."

Mama akanifinya paja. Nikadhani ananiambia nisimsifu mwanawe kupita kiasi mbele ya wakwe (Mama ana tabia hiyo), nikausogeza mguu wangu mbali na vidole vyake. Chumba kizima kilikuwa kimya, na mimi mtu wa maneno mengi kimya huwa nakiona kama nafasi, kwa hiyo nikamaliza maswali ya mwenye duka yote kwa mpigo mmoja: "Nilitaka kujua tu, ndiyo kwanza anaanza au keshakuwa mzoefu? Na hufuata njia wanayopita watu wote, au yeye hupenda kutoka nje ya njia? Maana kuna wengine raha yao ni mitini huko, pasipo na watu."

"Asemaje huyu?" Bibi Salha akauliza.

Dada mmoja wa Bi Thuraya akainama kumnong'oneza, lakini masikio yale hayasikii mnong'ono, ikabidi apaze sauti, na akaipaza kweli kweli. "ASEMA RAYA ATELEZA! MITINI!"

Jikoni vyombo vikaacha kugongana.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikajiambia masikini, hawa walikuwa hawajui. Mtoto wao anacheza mchezo wa hatari nchi za watu na hakuwaambia, na mimi ndiye niliyewatolea habari, lazima niwaliwaze. Nikaweka kikombe chini, nikamshika Bi Thuraya mkono, nikamwambia kwa mapenzi yote: "Usitaharuki, dada yangu. Siku hizi mabinti wengi wanateleza, hata wa nyumba kubwa kubwa. Hata mimi ningepata nafasi ujanani ningejaribu. Na kuanguka ni jambo la kawaida, mradi anainuka."

Bi Thuraya akautoa mkono wake kwenye mkono wangu. Akasema, bila ya kunitazama, "Leteni udi."

Nyinyi mnajua udi ukishapita maana yake nini: mgeni inuka uende zako. Kahawa ndiyo kwanza ya mzunguko wa mwanzo, halwa ina alama ya kijiko kimoja tu, na chetezo kinaletwa kinapitishwa chini ya kidevu changu, moshi unaniingia machoni, na wenyeji wameshasimama. Nikaona labda wana wageni wengine.

Tukatoka. Mama hakusema neno tukiupanda mlima, hakusema neno tukishuka, na mimi naendesha huku nawasema wale watu kwa kutufukuza na halwa nzuri vile. Tulipofika Wadi Kabir ndipo akafungua mdomo.

"Asya, una nini na mtoto wa watu?"

"Nimefanya nini?"

"Umekwenda nyumbani kwa watu, mbele ya mama yake na bibi yake na majirani, umeuliza kama binti yao ni mhuni. Ukasema na wa kwetu mhuni. Ukasema na wewe mwenyewe ungependa, umekosa nafasi tu."

Nikasimamisha gari pembeni ya barabara, malori yananipigia honi, nikaanza kuyapitia maneno yangu moja moja tangu la kwanza, na kila lililofuata lilikuwa baya kuliko lililotangulia, na nilipofika kwenye ile miti nikaufunika uso wangu kwa shela nikapiga kelele ndani yake.

"Mama, ni ski!"

"Siki?"

"Ski! Ski!"

"Siki ya achari yaingiaje hapa, Asya?"

Tulipofika nyumbani nilipiga simu Bustan mpaka kidole kikaniuma, na Bi Thuraya alipopokea nilianza vibaya tena, kwa sababu pumzi zilikuwa zimenikata, nikasema, "Bi Thuraya, si vile, nilikusudia ski," na yeye akasema, "Hebu tuacheni na siki zenu," akakata.

Na kumbe huko ndani mambo yalikuwa yameshaharibika kuliko nilivyoyaharibu mimi. Haya nilikuja kuyasikia baadaye kwa Raya mwenyewe, na kila akinihadithia tunalia kwa kicheko, lakini siku ile hakucheka mtu. Bi Thuraya alipanda ngazi moja kwa moja mpaka chumbani kwa mtoto, akafunga mlango, akauliza, "Ufaransa uliteleza, hukuteleza?" Na Raya, ambaye alimuahidi mama yake kuwa anakwenda kusoma tu na hatofanya jambo la hatari, akajua kuwa siri ya ski imefichuka. Akainamisha kichwa.

"Niliteleza, Mama. Nisamehe."

"Na nani?"

"Na wenzangu wa chuo. Siku za mwanzo na mwalimu, mpaka nikazoea."

Bi Thuraya akashika ukuta. Raya akaona mama yake kageuka rangi, akaingiwa na huruma, akamwambia ili kumtuliza, "Sitorudia, Mama. Nikishaolewa nitateleza na mume wangu tu."

Alikuwa mkweli mtoto wa watu, kila neno alilolisema lilikuwa kweli, na kila neno lilimpiga mama yake kofi. Bi Thuraya alitoka akafunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo akautia kifuani.

Kabla ya isha Bwana Khalfan, baba yake Raya, alimpigia simu Mama. Hakugomba, na hilo lilituogopesha zaidi. Alisema Ijumaa baada ya sala atakaa na ndugu zake, na baada ya hapo vitu vya posa vitarudishwa, na akamuombea Nassor kheri. Mama akakaa chini na simu mkononi. Mimi nikampigia Nassor nikamwambia kila kitu, sikuficha neno, nikangoja anifokee, na ningefurahi kama angenifokea. Akasema tu, "Dada, mimi nampenda." Nassor! Mtu ambaye tangu utotoni ukimuuliza kama chakula kitamu anajibu "si kibaya". Roho yangu ilichanika, nakwambieni kweli. Nilimlea mimi, na furaha yake ya kwanza ya utu uzima nimeimwaga kama maji machafu kwa sababu nilitaka kuonekana mjanja.

Ijumaa asubuhi nikaamka na fikra moja tu: maneno sitoyatumia tena, maana maneno yangu hayaaminiki. Nitawaonesha. Nikaingia chumba cha zamani cha Nassor, nikainua godoro la kitanda chake cha utotoni, nikang'oa chaga mbili ndefu, nikachukua na mipini miwili ya mafagio na vipande vya kanga vya kufungia. Mama akanikuta navyo mlangoni.

"Wenda wapi na kitanda?"

"Bustan."

Akanitazama, akatazama chaga, akaenda kuchukua buibui lake. Mama yangu huyo, hakuuliza la pili.

Tulifika baada ya sala. Magari ya wanaume yamejaa nje, na Bwana Khalfan na ndugu zake wako kwenye majlisi yao, mlango uko wazi unatazama ukumbi, na ukumbi wa nyumba ile una sakafu ya marumaru ambayo siku ile ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa dawa ya kung'arisha. Sisi tukaingilia mlango wa wanawake. Bi Thuraya alitukuta pale ukumbini, macho yamevimba, na Bibi Salha kakaa kwenye kiti chake ambacho walikihamishia hapo apate kusikia wanaume wanaamua nini (asisikie chochote, masikini, lakini alitaka kuwapo). Sikusalimia hata. Nikavua viatu, nikabaki na soksi, nikakaa chini nikazifunga chaga miguuni kwa vipande vya kanga, nikashika mipini ya mafagio, nikajiinua.

"Bi Thuraya," nikasema, "kuteleza ni hivi."

Na nikajisukuma.

Nilikusudia hatua moja tu, jamani, nioneshe umbo lake, nisimame. Lakini marumaru yale na dawa ile na chaga zilizolainishwa na miaka ya Nassor kujigeuza juu yake! Nikaondoka. Fagio la kulia likabaki nyuma, la kushoto likapiga kiti cha Bibi Salha, shela ikanishuka kwenye jicho moja, na kwa lile jicho lililobaki nikaona mlango wa majlisi unakuja. Nikasema "Assalaam alaikum" nikipita mlangoni (adabu nilifundishwa), miguu ikaenda huku na huku, nikakalia zulia kwa kishindo, nikaburuzika mpaka nikakutana na sinia ya kahawa, dele likapinduka, na nikasimama, yaani nikakoma, miguuni pa Bwana Khalfan, chaga zote mbili zimeelekea juu.

Nilisikia kahawa ikidondoka. Nilitamani zulia linikunje.

Kishindo kile ndicho kilichomfungua Raya, maana Bi Thuraya alichanganyikiwa akautoa ule ufunguo wa kifuani akidhani ni wa stoo, akampa mtu wa kwanza aliyemuona ili akalete maji, na mtu huyo alikuwa Mama, na Mama hakwenda kuleta maji. Nikasikia mbio kwenye ngazi, halafu sauti ile ya chini ambayo safari hii haikuwa ya chini hata kidogo.

"Magoti, Dada Asya! Kunja magoti! Na uzito uweke mbele, usiegemee nyuma!"

Raya alikuwa kasimama ukumbini, magoti kakunja, mikono mbele, anaonesha, na watu wote wakamgeukia yeye. Bi Thuraya akamtazama mwanawe alivyosimama, akanitazama mimi na chaga zangu, akamtazama tena mwanawe.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa ukiteleza?"

"Hivi, Mama. Lakini kwenye theluji."

Bi Thuraya akakaa kwenye ngazi. "Theluji," akasema. Halafu akainua kichwa, akapaza sauti nyumba nzima ikasikia: "Theluji, Asya! Ungesema theluji!"

"Ilikuwa siri!" nikajibu kutoka chini. "Nassor anataka kumnunulia ski, amtilie kwenye sanduku, na mwenye duka kauliza anajua kiasi gani!"

Raya akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake, na juu ya mtandio macho yakajaa machozi, na mimi nikajua kuwa ule mshtuko ambao Nassor aliutaka ameupata, ingawa si yeye aliyeuona. Wa kwanza kucheka alikuwa Bibi Salha. Hakusikia hata neno moja, lakini alinifuata kwa macho tangu nilipojisukuma mpaka nilipokoma, na hilo lilimtosha. Alicheka mpaka tasbihi ikamwanguka, na wanaume wakashindwa kujizuia, na Bwana Khalfan, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa na kahawa, akaufuta uso wake kwa kilemba, akajikaza, akasema kwa sauti ya hakimu: "Basi, mwanangu, jibu mwenyewe. Wewe mzoefu au mwanafunzi?"

"Nnajua kiasi, Baba," Raya akasema, na akaona haya. "Nilipomwambia Nassor napenda nje ya njia nilikuwa najisifu kidogo. Naenda pale pale pembeni, mteremko mpana, niwaone wenzangu. Mitini sijaingia hata siku moja. Ski zikinifika puani zatosha, na zisiwe ngumu."

Wallahi, Nassor alikuwa keshazishika mkononi ndefu za mabingwa. Zingemvunja mtoto wa watu.

Dada yake Bi Thuraya akamwelezea Bibi Salha kwa ile sauti yake, kwamba ni mbao za kuteremkia mlimani, na bwana harusi anataka kujua urefu. Bibi akafikiri. "Mwambieni anunue fupi," akasema. "Ndefu zitampeleka mbali."

Kicheko kikakatika, kwa sababu kila mtu pale alijua kuwa atakwenda mbali, akishaolewa tu. Bi Thuraya akaanza kulia pale kwenye ngazi, si kilio cha jana, na Raya akaenda akakaa ngazi ya chini yake, akamlalia magotini. Mimi niliburuzika na chaga zangu mpaka hapo, nikamshika mguu Bi Thuraya (mkono niliogopa), nikasema, "Nisamehe." Akasema, "Nimekusamehe, lakini usiongee." Na akaagiza kahawa.

Sanduku lilikwenda Bustan mwezi ule ule. Ski hazikuingia ndani yake, kwa hiyo tulizifunga kanga mpya, tukazizungushia asumini, nikazibeba mimi kichwani, joto la Maskati linanichoma utosi, wanawake nyuma yangu wanaimba na kupiga makofi na kila hatua mtu ananionya, "Asya, angalia usiteleze." Na sanduku lilipofunguliwa, chini kabisa, chini ya marashi na hariri, ilikutwa chupa ya siki. Mama aliitia. Hajakiri mpaka leo.

Basi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu: neno lile silitamki tena mbele za watu. Sakafu ya wizarani ikiwa na maji huwaambia wenzangu "angalieni msikae chini ghafla". Siku niliyoanguka bafuni nikateguka kiwiko, daktari aliniuliza imekuwaje nikamwambia sijui.

Ukiacha leo, nilivunja kiapo mara moja tu. Bibi Salha alikuwa keshatangulia mbele ya haki, na mimi nilikuwa Bustan, nimekaa na Bi Thuraya kwenye sebule ile ile, maana mwanawe yuko mbali na wangu yuko mbali na tumebaki kuliwazana sisi kwa sisi. Simu ikalia kutoka Uswisi, Bi Thuraya akaiweka katikati yetu tusikie sote. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtoto ambaye meno yake ya mbele yameng'oka, anahema.

"Bibi! Leo nimeteleza! Peke yangu!"

Majirani walikuwapo. Bi Thuraya akasimama akapiga kigelegele mpaka vikombe vikalia, halafu akanipiga kiwiko.

"Muulize, Asya. Muulize vizuri."

Nikaisogelea ile simu. "Mwanangu, uliteleza ndani ya njia au nje ya njia?"

"Ndani, Shangazi. Mama kasema mpaka nikue."

Msichana wa pale nyumbani alikuwa anaingia na chetezo mkononi, moshi umeshaanza kupanda, na Bi Thuraya akamzuia mlangoni.

"Rudisha udi," akamwambia. "Asya hendi popote."